Bega la Kushoto

Mdogo wangu alizaliwa hasikii, na kwa kuwa hakusikia hakujifunza kusema. Nyumbani tulizungumza naye kwa ishara tulizobuni wenyewe, moja baada ya nyingine, kadiri haja ilivyotokea. Babu alikuwa vidole vilivyozungushwa machoni, kwa sababu ya miwani yake. Mama alikuwa kiganja shavuni. Mimi nilikuwa kidole kinachopita juu ya nyusi, penye kovu langu. Maji, njoo, lala, hapana, moto, mvua, swala: vyote vilikuwa na ishara zake, na swali lolote lilikuwa mikono miwili iliyofunguliwa. Nilikuwa na miaka 11, yeye 8, nami niliamini kwamba lugha yetu imeshakamilika.

Haya yalitokea jioni moja na usiku wake. Imepita zaidi ya miaka 30, na kila ninapomsikia mtu akizungumzia malaika kwa habari ya mbawa na nuru peke yake, narudi kwenye usiku ule.

Babu alikuwa na miwani ya kusomea. Alipokwenda msikitini kuswali Alasiri aliiacha juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu anapousoma. Tulikatazwa kuigusa. Siku hiyo niliichukua, nikaivaa, nikatazama herufi zikivimba na kuyeyuka mbele yangu, nikatembea nayo chumbani mikono mbele kama mtu aliye gizani. Nilipochoka niliiweka sakafuni, nikarudi nyuma hatua moja, nikasikia mlio chini ya kisigino. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka na mkono mmoja wa fremu umeng'oka. Niliokota vipande nikavirudisha juu ya marufaa, nikavipanga kama vile miwani ingeweza kujiunga yenyewe.

Babu na Baba walirudi karibu na saa kumi na moja. Mdogo wangu alikuwa ameketi palepale penye marufaa, mahali pake pa kila siku. Alipapenda mno. Babu aliposoma, yeye alifuatisha kidole cha Babu kikisafiri kutoka kulia kwenda kushoto, na ukurasa ulipofunuliwa alitabasamu kana kwamba na yeye amefika mwisho wa maneno.

"Nani ameshika miwani ya Babu?" Baba aliuliza.

Sikusema kitu. Nilinyoosha kidole tu, nikamwonyesha mdogo wangu.

Baba alikuwa amechoka siku hiyo, na hakuuliza mara ya pili. Alimshika mkono, akamwonyesha vipande, akamfanyia ishara ya hapana mara tatu mbele ya uso wake, kisha akamwinua pale alipokuwa ameketi, akampeleka chumbani kwake. Kuanzia hapo asikae tena karibu na vitabu vya Babu. Mlangoni mdogo wangu aligeuka. Hakumtazama Baba, alinitazama mimi. Alipitisha kidole juu ya nyusi zake, kisha akafungua mikono miwili. Wewe, kuna nini?

Niligeuza uso.

Kati ya Magharibi na Isha Babu alikuwa na kawaida ya kutusomesha, watu wa nyumbani tu. Jioni ile alikifunga kitabu, kwa kuwa hakuweza kukisoma, akasema atatusomesha kilichomo kifuani. Tulikuwa tumeanza nguzo za imani. Siku iliyotangulia tulisoma kumwamini Mwenyezi Mungu, kwa hiyo zamu ilikuwa ya nguzo ya pili, malaika. Mahali pa mdogo wangu palikuwa wazi.

Alianza na ile hadithi aliyoisimulia sahaba wa Mtume, Sayyidna Umar, aliyoipokea mkusanyaji wa hadithi, Imamu Muslim. Siku moja masahaba walikuwa wameketi na Mtume (s.a.w.), akatokea mtu mwenye nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno. Hakuonekana na alama ya safari, na wala hapakuwa na aliyemjua. Akaja akaketi mbele ya Mtume, magoti kwa magoti, akaweka viganja vyake mapajani, akauliza juu ya Uislamu, juu ya imani, juu ya ihsani, yaani kumwabudu Allah kana kwamba unamwona, kisha juu ya Kiyama. Alipojibiwa kuhusu imani aliambiwa ni kumwamini Allah, na malaika wake, na vitabu vyake, na mitume wake, na siku ya mwisho, na kuiamini kadari, kheri yake na shari yake. Alipoondoka, Mtume alimwambia Umar kwamba yule alikuwa Jibril, amewajia ili awafundishe dini yao.

"Tazameni adabu yake," Babu alisema. "Yeye ndiye aliyeteremsha wahyi. Akaja akakaa kama mwanafunzi."

Kisha akatuambia mambo ambayo mtoto yeyote huyapenda. Malaika wameumbwa kwa nuru, kama alivyosimulia Bibi Aisha kutoka kwa Mtume. Hawamuasi Allah kwa anachowaamrisha. Wana mbawa mbili mbili, tatu tatu, nne nne, na Mwenyezi Mungu huzidisha katika kuumba apendavyo. Mtume alimwona Jibril katika umbo lake la asili ana mbawa 600. Kule juu ipo Baitul Maamur, nyumba ya ibada ya mbinguni, wanaingia humo malaika 70,000 kila siku, na wakishatoka hawarudi tena, maana zamu haiwafikii mara ya pili. Siku nyingine ningemwuliza Babu maswali kumi juu ya hao 70,000. Jioni ile nilikuwa nimekaa nikiuma ukucha, nikimwomba Mungu somo liishie kwenye mbawa.

Babu hakukaa sana kwenye mbawa. Alikuja kwenye waandishi, malaika wawili wanaoandika matendo ya kila mtu.

Alisoma kutoka sura ya Qaf: wanapopokea wapokeaji wawili, mmoja ameketi kuliani na mmoja kushotoni, "hatamki neno lolote ila karibu naye yupo mwangalizi tayari." Akatueleza kwamba kwa Kiarabu mwisho wa aya hiyo ni maneno Raqib na Atid, na kwamba watu wengi hudhani hayo ni majina, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto, ilhali wafasiri wameeleza kwamba hizo ni sifa za wote wawili: anayechunga, aliye tayari.

Mimi nilikuwa nimeshikilia neno moja tu. Hatamki. Moyo wangu uliruka kwa furaha ambayo hadi leo naikumbuka kwa uchungu. Mimi nilikuwa sijatamka! Nilinyoosha kidole, basi. Kama kinachoandikwa ni kile kinachotamkwa, ukurasa wangu ulikuwa mweupe. Na mdogo wangu je, ambaye tangu azaliwe hajatamka neno? Nilimwona akilini mwangu akitembea na malaika wawili wasio na kazi, kalamu zao zimekauka. Nilimsingizia yeye kwa sababu hawezi kujitetea duniani, na sasa nikawa namnyang'anya hata mashahidi wake wa mbinguni.

Babu akavuta pumzi, akaendelea na sura ya Infitar. "Na hakika juu yenu wapo walinzi, watukufu, waandishi." Akanyamaza kidogo, halafu akamalizia: "Wanajua mnayoyatenda."

Mnayoyatenda. Kidole changu cha shahada kilikuwa juu ya goti. Nilikikunja.

Mwisho wa somo alitaja riwaya moja, yaani simulizi ya maneno ya Mtume, iliyopokewa na mkusanyaji wa hadithi, Tabarani, kwamba malaika wa kushoto humwinulia kalamu Muislamu aliyekosea kwa saa sita. Akijuta na kumwomba Allah msamaha, huitupa asiandike, na asipofanya hivyo huandika kosa moja. Nilipokuwa mtu mzima niliisoma mwenyewe, nikajua kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya daraja yake, wapo walioikubali na wapo walioiona dhaifu, na kwamba saa katika Kiarabu cha kale ni kipande cha wakati, si lazima dakika 60. Lakini mtoto hajui daraja za hadithi. Mtoto husikia alichosikia, na mimi nilisikia saa sita, nikaelewa saa sita ya usiku.

Basi nikapanga. Nilikuwa na muda mpaka saa sita ya usiku. Nisingelazimika kumwambia Baba. Ningelala macho wazi, na ikikaribia saa sita ningesema Astaghfirullah kimoyomoyo, kalamu itupwe, kesho iwe siku nyingine. Nilikuwa nataka msamaha bila kukiri, na niliona nimepata njia.

Tukaswali Isha nyumbani, Babu akatuongoza. Kutoa salamu ni jambo nililolifanya kila siku bila kufikiri: uso kulia, uso kushoto. Wapo mafakihi, wanazuoni wa sheria, waliosema kwamba anayeswali anuie kwa salamu hizo malaika na wale walio pamoja naye, na Babu alikuwa ameshatufundisha hivyo. Nilipogeuka kulia ilikuwa rahisi. Nilipogeuka kushoto nilisema "Assalaamu alaykum wa rahmatullah" nikashindwa kurudisha uso wangu mbele. Nilikuwa namsalimia aliyeniona. Mama alinigusa mgongoni akaniuliza kama shingo inaniuma.

Usiku nilikaa kitandani nikitazama saa ya ukutani kupitia mlango ulioachwa wazi. Saa tatu. Saa nne. Nyumba ikalala. Kichwani nilikuwa narudia riwaya ya Babu ili nisiipoteze, na katika kuirudia nikaanza kujiuliza. Anayekosea asubuhi apewe muda mpaka usiku wa manane, na anayekosea saa tano ya usiku apewe saa moja tu? Babu hawezi kutufundisha uonevu wa namna hiyo. Basi huenda hakusema saa sita ya usiku. Huenda alisema saa sita, muda wa saa sita. Nikaanza kuhesabu kwa vidole tangu pale niliponyoosha kidole, saa kumi na moja. Kumi na mbili, moja. Saa moja, mbili. Saa mbili, tatu. Saa tatu, nne. Saa nne, tano. Saa tano, sita.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Sijui namna ya kueleza hofu ile kwa mtu asiyeamini kwamba ana waandishi wawili. Haikuwa hofu ya kupigwa. Ilikuwa kama kuona wino ukikauka. Nilikaa nikijishika bega la kushoto kwa mkono wa kulia, na nikasema Astaghfirullah mara nyingi mno hadi neno likapoteza maana, na kila niliposema niliona nimechelewa kwa dakika nyingine.

Nadhani nilisinzia. Nilichokisikia baada ya hapo ni maji, Babu akitia udhu, kisha mswala ukitandikwa. Alikuwa na desturi ya kuamka theluthi ya mwisho ya usiku. Akaleta takbira, na kwa sauti ya chini akasoma dua ambayo Bibi Aisha alisimulia kwamba Mtume aliifungulia swala yake ya usiku: "Ewe Allah, Mola wa Jibril na Mikail na Israfil, Muumba wa mbingu na ardhi, Mjuzi wa yaliyofichikana na yanayoonekana, Wewe unahukumu baina ya waja wako katika yale waliyokuwa wakihitilafiana." Maana yake nilikuwa naijua, alikwisha kutufundisha.

Unahukumu baina ya waja wako. Waja wawili walikuwa wamelala katika nyumba ile, mmoja amemwonyesha mwenzake kidole. Niliona kama kesi yangu imeitwa.

Nilimngojea amalize. Alipotoa salamu nilikuwa nimeshakaa nyuma yake.

"Babu."

"Mbona hujalala, mjukuu wangu?"

"Miwani niliivunja mimi."

Hakunijibu upesi. Aliinamisha kichwa, nikamsikia akisema Astaghfirullah, mara tatu, polepole. Nilidhani ananiombea mimi.

"Nami nilimdhania vibaya yule mtoto," alisema. "Nilimwona akitolewa nikanyamaza."

Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia kwamba sikutamka, kwamba nilitumaini kidole hakiandikwi, kwamba nilikosea kuhesabu, kwamba saa sita zilipita saa tano ya usiku na mimi nikiwa macho. Nilipofika hapo nililia. Nilimwambia imeshaandikwa.

Babu alinivuta nikakaa ubavuni mwake. Akaniuliza kama nilishawahi kumsikia akitaja wale watatu. Sikukumbuka. Akanisomea hadithi kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arudiwe na akili.

"Wewe hujabaleghe. Saa sita nilikuwa nawaambia wazazi wako na nafsi yangu. Kwako wewe kalamu ya kushoto haijaanza."

"Hakikuandikwa kitu?"

"Hakikuandikwa dhambi."

Nilipaswa kufurahi. Huo ndio msamaha niliokuwa nikiutafuta usiku kucha, mkubwa kuliko niliouomba. Lakini nilikuwa nimekaa pale, nafuu imekwisha kunifikia, na kilichokuwa kimenikaba hakikuondoka. Nikamwuliza lile jambo jingine.

"Na mdogo wangu je, Babu? Yeye hatamki neno. Wanamwandikia nini?"

Babu alinitazama bila miwani, macho yake yamepungua ukubwa, na nakumbuka niliona haya kwamba anasumbuka kuuona uso wangu kwa sababu yangu.

"Umesoma aya moja ukaacha nyingine," alisema. "Qaf imetaja kutamka. Infitar imetaja kutenda. Tena haikusema wanasikia mnayoyatenda. Imesema wanajua. Mdogo wako hana haja ya sauti ili ajulikane." Halafu akanieleza kwamba mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake mbele ya Mtume akauliza kama mtoto huyo naye ana hija, akajibiwa, "Ndiyo, nawe una ujira." Kwa hiyo mema ya mtoto yanaandikwa. "Akiinama anapotuona tumeinama, inaandikwa. Akinisogezea mto, inaandikwa. Jana alikaa hapa akafuatisha kidole changu ukurasa mzima wa maneno ya Allah. Daftari lake lina upande mmoja tu, upande wa kulia."

Nimekaa na mashekhe baada ya hapo, nimesoma vitabu ambavyo Babu hakuwahi kuviona. Sijapata tafsiri ya neno wanajua iliyonikaa moyoni kuliko ile.

"Basi nikalale?" nilimwuliza.

"Ukitaka kulala, lala. Lakini kalamu kuinuliwa hakumrudishii mdogo wako mahali pake." Akanyamaza. "Na haki ya mja, mja mwenyewe ndiye mwenye kuisamehe. Mtume ametuhimiza aliyemdhulumu ndugu yake amwombe amhalalishie leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Mimi sina cha kukusamehe kwa niaba yake. Miwani ni yangu, nimekusamehe. Lile la pili si langu."

Chumba cha mdogo wangu hakikuzimwa taa. Gizani hakuwa na njia ya kutuita wala ya kuitwa, kwa hiyo Mama alimwachia taa ndogo kila usiku. Alikuwa amelala kwa ubavu, ngumi chini ya kidevu. Nilimgusa mguu. Akashtuka akakaa, akafanya ishara ya moto, kisha ya Mama, mikono imefunguliwa. Alidhani kuna hatari. Nikafanya hapana, hapana, nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Sikuwa nimepanga kukaa hivyo.

Nikaanza. Vidole machoni: Babu, miwani. Alipoiona tu ishara ile uso wake ulisinyaa, akatikisa kichwa kwa nguvu, akajigonga kifua na kufanya hapana. Siyo mimi. Ndipo nilipojua kwamba tangu jioni alikuwa na jibu hilo na hapakuwa na mtu aliyekwenda kumwuliza. Nikarudia: miwani. Nikainuka nikakanyaga sakafu kwa kisigino. Kisha nikapitisha kidole juu ya nyusi zangu. Mimi. Nikarudia mara mbili, tatu. Akaelewa. Macho yake yalikua, akaniangalia kidole, kilekile, na nadhani alikuwa anakumbuka kilivyonyooshwa.

Sasa ilibaki kumwomba msamaha, na hapo nikakwama. Mikono yangu ilikuwa hewani haina pa kwenda. Tulikuwa na ishara ya maji na ya mvua, ya hapana na ya njoo. Hatukuwa na ishara ya nisamehe. Miaka 8, na katika nyumba ile ya watu wanaoswali hapakuwahi kuhitajika ishara hiyo mbele yake. Yeye tulimwelekeza, tulimkataza, tulimwita, tulimpeleka huku na kule. Kumwomba radhi hatukumwomba hata siku moja.

Sikuwa na la kufanya. Kilichokuwa mawazoni mwangu usiku kucha ni bega, basi nikaweka mkono wa kulia juu ya bega langu la kushoto, nikalipangusa, mara moja, mbili, kama mtu anayefuta maandishi, huku machozi yakinitoka. Nilijua hawezi kuelewa. Yeye hakuwa amefundishwa habari ya waandishi. Jioni ile ya malaika alikuwa amefungiwa humu.

Mdogo wangu aliniinamia, akalitazama bega langu kwa makini, kwa mwanga ule hafifu. Alikuwa anatafuta vumbi, au mdudu. Hakuona kitu. Lakini aliniona nalipangusa na kulia, akaamini kipo. Akanyoosha mkono wake, akalipangusa bega langu kwa kiganja, taratibu, kutoka shingoni kwenda nje, hadi aliporidhika. Kisha akafungua mikono miwili: imetoka?

Nikaitikia kwa kichwa.

Alfajiri ilipoadhiniwa nilimsubiri Baba mlangoni. "Shikamoo, Baba," nilisema, na kabla hajaitikia nikamwambia. Nilikuwa tayari kwa lolote. Baba alinisikiliza amesimama, ndala mkononi, na aliponiuliza kitu kilikuwa kimoja tu.

"Yeye umeshamwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

Nikamwonyesha. Nikaweka mkono begani nikapangusa.

Tuliswali nyumbani asubuhi hiyo, Baba hakwenda msikitini, na wala hakusema kwa nini. Mtume ametuambia kwamba malaika wa usiku na malaika wa mchana hupokezana kwetu, wakakutana kwenye swala ya Alfajiri na swala ya Alasiri, na wale waliolala kwetu wakipanda Mola wao huwauliza, naye anajua zaidi, wamewaachaje waja wake. Husema wamewaacha wakiswali na waliwakuta wakiswali. Nilisimama ndani ya swala ile nikijua kwamba waliokuwepo Alasiri ya jana, nilipokuwa na miwani usoni, walikuwa wameshaondoka, na hawa wanaoondoka sasa ndio walioniona sakafuni mbele ya mdogo wangu. Yeye alikuwa safu ya nyuma na Mama. Anainama tukiinama.

Tulipomaliza Baba aligeuka, akamwita kwa ishara ya njoo. Mdogo wangu alikuja kwa hofu, akasimama mbali kidogo na marufaa, kwa sababu alikuwa amekatazwa. Baba alikuwa mtu mrefu. Alishuka kwa magoti yote mawili mpaka uso wake ukawa sawa na wa mwanawe, akafanya ishara ya miwani, akafanya hapana, akamwelekezea kiganja kifuani: siyo wewe. Kisha akaweka mkono juu ya bega lake la kushoto, akapangusa.

Mdogo wangu alinitazama mimi kwanza. Halafu akamsogelea Baba, akamkagua bega, akalipangusa kwa uangalifu uleule. Alipomaliza alizunguka akaenda kuketi mahali pake, penye marufaa, akamngojea Babu afungue msahafu.

Babu hakuweza kusoma kwa wiki kadhaa, mpaka miwani mpya ilipopatikana. Wakati huo wote nilimsomea mimi, kila baada ya Alasiri, naye alinisahihisha kwa kumbukumbu. Kidole kilichosafiri kutoka kulia kwenda kushoto kilikuwa changu, na mdogo wangu alikifuata.

Siku moja katika wiki hizo aliupindua mtungi, maji yakaingia kwenye daftari langu la hadithi, kurasa zikashikana, wino ukatawanyika. Sikuwepo. Nilipoingia nilimkuta amesimama katikati ya chumba, daftari linachuruzika mikononi mwake. Akalitua chini. Akapitisha kidole juu ya nyusi zake, akaniita kwa jina langu, kisha akaweka mkono juu ya bega lake la kushoto, akapangusa, akasimama akingoja.

Niliinama nikalitazama bega lake. Halafu nikanyoosha mkono.